Dakta Krapf, Mgeni wa Mfalme Kimweri

Karibu kila mtu aliyepita darasa la historia anakumbuka majina mawili yanayotajwa pamoja siku zote, Krapf na Rebmann, kama sahani na kawa. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Watoto huandika hivyo katika mtihani, hupata alama zao, na habari huishia hapo, kwa kuwa vitabu vya shule havina nafasi ya zaidi.

Lakini sisi wa Soni tunayo sababu ya kumjua Krapf kuliko hivyo. Kwanza, mtu huyu alifika kwa jirani zetu wa Vuga mara mbili, mwaka 1848 na mwaka 1852, akapokewa na Mfalme Kimweri ye Nyumbai, wakati ambapo hakuna mtu wa milima hii aliyepata kusikia Injili. Pili, na hii ndiyo iliyonifanya nimwombe Mhariri nafasi katika gazeti letu la mtaa, Krapf alikuwa mtu aliyejihukumu vikali mno tangu ujana wake. Ilibaki kidogo hukumu hiyo aliyojitolea mwenyewe imzuie asifanye kazi yo yote. Wako wengi miongoni mwetu wenye ugonjwa huo huo, nao hawajui kwamba ni ugonjwa. Wanadhani ni uchaji.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810, katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, huko Ujerumani ya kusini. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulifanya. Lilikuwa la mtoto mwingine. Kipigo kile kilimlaza kitandani muda wa miezi sita. Katika kulala huko alisoma Biblia sana, hasa habari za mababu katika Agano la Kale, na hapo ndipo moyo wake ulipoanza kuelekea mambo ya Mungu.

Mimi niliyeshinda na watoto maisha yangu yote najiuliza kitu kimoja juu ya kisa hiki. Mtoto anayepigwa bila hatia hujifunza nini? Mara nyingi hajifunzi kwamba mpigaji alikosea. Hujifunza kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa kupigwa. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa Krapf, lakini tazameni yaliyofuata.

Alisoma vizuri, akapenda lugha, akasikia shuleni habari za kazi ya kupeleka Injili mbali, na mwaka 1827 akaingia chuo cha wamisionari kule Basel, Uswisi. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mwenye bidii nyingi. Akiwa chuoni akaanza kusoma vitabu vya Madame Guyon na Jakob Böhme, na wengine wa namna hiyo, ambao humtaka mtu aingie ndani ya moyo wake na kuuchunguza bila kupumzika. Kijana akauchunguza. Kila alipotazama aliona uchafu. Akafikia kuamini kwamba hakuitwa na Mungu hata kidogo, kwamba alikuja kwa kiburi chake mwenyewe, na kwamba mtu kama yeye hafai kumhubiri Kristo kwa mtu ye yote. Basi mwaka 1829 akaondoka Basel, akarudi kwao.

Hakuna mwalimu aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwona na kosa. Alijishtaki mwenyewe, akajihukumu mwenyewe, akajifukuza mwenyewe. Kesi nzima ilisikilizwa na mtu mmoja.

Alijiunga na chuo kikuu cha Tübingen, akamaliza masomo ya dini mwaka 1834, akawa msaidizi wa mchungaji katika kijiji kiitwacho Wolfenhausen. Huko akahubiri kwamba dunia imo katika saa zake za mwisho. Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa, naye akaacha kazi. Hivyo akiwa na miaka ishirini na kitu alikuwa amekwisha kushindwa mara mbili: aliacha utume, akaacha na uchungaji.

Aliyemwinua alikuwa Mswedi mmoja, Peter Fjellstedt, mmisionari wa C.M.S., yaani chama cha utume cha Kanisa la Uingereza. Fjellstedt hakumpa Krapf hoja ngumu. Alimtia moyo tu arudie ule wito wa kwanza, kana kwamba wito ulikuwa bado upo mahali pale pale alipouacha. Na kweli ulikuwepo. Mwaka 1836 Krapf akapokewa na C.M.S., na mwaka 1837 akasafiri kwenda Uhabeshi. Kwa hiyo, ingawa alikuwa mtoto wa Kanisa la Kilutheri la Württemberg, aliyetumwa kwetu alitumwa na chama cha Kianglikana. Ndugu zetu Walutheri wa Vuga na sisi tunaweza kumgawana bila ugomvi.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya neno moja. Kiswahili kina neno kujihurumia, na watu wengi hulitumia kwa ubaya. Anayejihurumia, husema, ni yule anayekaa barazani akilia shida zake ili apewe pole. Basi huyo siye ninayemsema. Naisema huruma ile ambayo ungempa jirani yako akikujia na aibu yake, ukampa kiti, ukampa maji, ukamsikiliza, bila kumwambia kwamba si kitu. Na sasa uipe nafsi yako vile vile. Ile amri ya kumpenda jirani ina kipimo ndani yake, na kipimo hicho ni nafsi yako. Mtu aliyeichukia nafsi yake anampimia jirani kwa kibaba kilichotoboka.

Kule Uhabeshi mambo yalikwenda vibaya. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838. Akaenda Shoa kwa Mfalme Sahle Selassie, akakaa huko tangu 1839 hata 1842, akajifunza lugha ya Waoromo na kutafsiri sehemu za Maandiko. Mwaka 1842 akatoka kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich wa Basel, akanyang'anywa mali yake njiani. Wakaoana Misri, wakajaribu kurudi Shoa, njia ikawa imefungwa. Katika safari hiyo ya kuhangaika, mwaka 1843, Rosine akajifungua jangwani chini ya mti, kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa wa kike. Baba yake akambatiza, akampa jina Eneba, ambalo kwa lugha ya kule maana yake ni chozi. Akafa siku ile ile.

Mwanzo wa mwaka 1844 wakafika Unguja. Sayyid Said akampokea Krapf kwa heshima, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, naye akachagua kukaa Mombasa. Kwa bidii yake ya lugha alianza mara moja kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kisha homa ikaingia nyumbani. Mwezi wa Julai Rosine akazaa mtoto wa pili, wa kike tena. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa, hawezi hata kumtunza mkewe. Tarehe 13 Julai Rosine akafa. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama yake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, kama Rosine alivyoomba, ili wapitao njia waone kaburi na kuuliza lilikuwa la nani na kwa nini alikuja.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa Afrika ya Mashariki ina kaburi la Mkristo, na kaburi hilo ni dalili kwamba kazi imeanza. Barua hiyo ni maarufu, imesifiwa katika mahubiri mengi. Nami naiheshimu, lakini naomba tusiisome upesi mno. Mwandishi wake ni mtu aliyemchukua mke mjamzito mara mbili mahali pasipo na daktari, akawazika watoto wawili na mama yao katika muda wa mwaka mmoja na kitu. Yule kijana wa Basel angeandika barua ya namna nyingine. Angesema, ni mimi niliyewaua. Mungu amenionyesha tena kwamba sifai. Angeondoka kama alivyoondoka Basel, na hakuna ambaye angemlaumu.

Huyu wa 1844 hakuondoka. Alilia, akaugua, akapona, akarudi kwenye karatasi zake za Kiswahili. Sidhani kwamba alikuwa na moyo mgumu, kwa maana mtu mwenye moyo mgumu hamwiti mtoto wake Chozi. Nadhani katika miaka ile kumi na tano alikuwa amejifunza kwamba kiti cha hukumu si chake, kina mwenyewe, na mwenyewe ni Baba. Kuumia aliumia kama mtu ye yote, lakini hakujifanya hakimu wa jambo ambalo Baba mwenyewe hakumshtaki kwalo.

Nalisema hili kwa sababu ninawajua watu. Yuko mama aliyefiwa na mtoto kwa homa, na kila mwaka mwezi ule ukifika anajiuliza kwa nini hakumpeleka hospitali usiku ule ule. Yuko mzee ambaye kijana wake aliharibikia mjini, naye husema ni malezi yangu. Wako wanaokaa viti vya nyuma kila Jumapili, na wakati wa Komunio wanainamisha kichwa wasiende, si kwa kuwa Padre amewazuia, bali wamejizuia. Walikwisha kuungama, wakapewa ondoleo, wakatoka, na dhambi ile ile wakaichukua tena mlangoni kama mtu aliyesahau mwavuli wake. Wakiulizwa husema kwamba ni unyenyekevu. Lakini Mungu akisema amesamehe, na mimi nikasema hapana, bado, ni nani kati yetu anayejiweka juu?

Turudi kwa Krapf. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wote wawili, wakiwa na homa, wakafungua kituo Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Habari za milima yenye theluji mnazijua, na jinsi mabwana fulani wa Ulaya walivyocheka kwamba theluji haiwezi kuwa karibu na mstari wa Ikweta. Wale wawili hawakupatana daima. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja, afundishe watu wachache kwa subira. Krapf alitaka mstari wa vituo kuvuka Afrika nzima toka bahari hii hata ile. Kwa maoni yangu Rebmann alikuwa na haki zaidi. Mipango ya Krapf ilikuwa mikubwa kuliko watu aliokuwa nao, na baadhi ya vijana waliotumwa kumsaidia walikufa kwa homa muda mfupi baada ya kufika. Tena vitabu vyake vina maneno makali juu ya Waafrika na dini zao ambayo leo yanaumiza masikio. Hakuwa malaika, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kusema hivyo.

Safari yake ya kwanza kuja kwetu ilikuwa Julai 1848. Alipita nchi kavu kutoka Rabai kupitia nyika, akapanda milima ya Usambara, akafika Vuga mwezi wa Agosti. Alistaajabu. Kule Rabai alizoea nchi ambayo kila mzee ni mkubwa wa nyumba yake, lakini hapa alikuta neno la mfalme mmoja likisikiwa toka milimani hata karibu na pwani. Mgeni wa mfalme alilishwa, akasindikizwa kijiji hata kijiji. Aliandika pia kwamba mrithi wa kiti alikaa Bumbuli kabla ya kutawala, jambo ambalo wazee wetu wanalijua bila kusoma kitabu. Kimweri akamsikiliza, akakubali waje waalimu. Krapf akateremka kwa njia ya Pangani akiwa na furaha.

Lakini waalimu hawakuja, kwa maana hawakuwepo. Na Krapf akaenda kwanza Ukambani.

Safari ya Ukambani ya 1851 ndiyo iliyokuwa kushindwa kwake kukubwa. Alikwenda kufungua kituo Yatta, watumishi wake wakamwacha, mali yake ikaibiwa. Akafuatana na mkuu wa Wakamba aitwaye Kivoi hadi karibu na mto Tana, na mwezi wa Agosti wanyang'anyi wakawashambulia. Kivoi akauawa. Krapf akakimbilia porini peke yake. Alifika mtoni usiku kwa kiu kali, akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Alitembea usiku, akajificha mchana, miiba ikamrarua nguo. Alipowafikia watu, jamaa za Kivoi wakamtia hatiani kwamba rafiki yao amekufa kwa ajili yake, wakataka kumwua. Akatoroka usiku, akapotea, njaa ikamrudisha kwa watu. Aliporudi Rabai habari za kifo chake zilikuwa zimekwisha kufika pwani.

Sasa, ndugu zangu, hesabuni miezi. Alirudi Rabai mwishoni mwa Septemba 1851. Februari 1852 alikuwa baharini akielekea Pangani ili apande tena Vuga. Mtu aliyerudi ameraruka, bila kituo, bila mali, na damu ya mwenyeji wake ikimlilia, alikaa miezi minne na kitu akanyanyuka kwenda kwa mfalme aliyemwahidi waalimu na kutompelekea hata mmoja. Ingekuwa ni mimi ningetafuta njia ya kuzunguka mbali na Vuga.

Alipanda. Kimweri, ambaye sasa alikuwa mzee, akampokea tena, hakumkataa. Ahadi ikarudiwa. Mwaka 1853 Mjerumani mwenzake, Jakob Erhardt, akaja Vuga akakaa miezi michache akijifunza Kishambaa, lakini kituo hakikusimama, na siasa za pwani zilikuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Kanisa letu lilianza Magila mwaka 1868, kwa mkono wa Padre Alington wa U.M.C.A., miaka kumi na sita baada ya Krapf kuteremka mara ya mwisho.

Katika kitabu chake cha safari, kilichochapwa kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza 1860, Krapf aliyaeleza mambo hayo yote, pamoja na ya aibu. Alieleza alivyopotea, alivyoogopa, alivyoshindwa. Kwangu mimi hii ni alama ya mtu aliyepatana na nafsi yake. Anayejichukia huficha, au huzidisha. Yeye hufanya hesabu tu, hiki kilifanyika na hiki hakikufanyika, kama karani anayeandika daftari la tajiri mwema.

Mwaka 1853 mwili wake ulikataa, akarudi Ulaya, akakaa Korntal, karibu na Stuttgart. Na hapa pia nampenda. Hakujifanya chuma. Alikubali kwamba amechoka. Alioa tena, akashika kalamu, akafanya kazi za lugha ambazo kitanda na meza viliruhusu. Mwaka 1862 alikuja pwani kuwasaidia Wamethodisti kufungua kituo cha Ribe. Afya ikamwangusha, akarudi nyumbani mwaka ule ule. Mwaka 1867 akafuata jeshi la Waingereza Uhabeshi kama mkalimani, akaugua, akarudishwa. Kila mara alirudi bila kelele.

Rebmann alibaki Rabai miaka ishirini na tisa, akapofuka. Mwaka 1875 aliletwa Ulaya akishikwa mkono na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, akaja kukaa Korntal karibu na Krapf. Wazee hawa wawili, waliogombana sana juu ya kutembea na kukaa, wakawa majirani. Rebmann alifariki Oktoba 1876.

Krapf aliendelea na kamusi yake ya Kiswahili. Jioni moja ya Novemba 1881 aliagana na watu wake akiwa mzima, akaingia chumbani. Asubuhi ya tarehe 26 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Walimzika Korntal, alikozikwa Rebmann. Rosine na mtoto wangali wamelala ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali. Kamusi ilichapwa London mwaka uliofuata, 1882.